Kuku wa Mgonjwa Asiyeumwa

Mama mwenzangu, kama una mtoto mwenye kipaji, chukua kwangu neno moja: usimtangaze mtoto mzima kuwa ni mgonjwa. Hata kwa nia njema usithubutu. Mimi nilifanya hivyo, na nusura nimkoseshe binti yangu kitu ambacho hakingerudi tena.

Binti yangu anaitwa Winfrida. Anapiga fidla. Najua utauliza, Kigoma hii fidla imetoka wapi? Imetoka kwa Mwalimu Zénon, Mrundi aliyekulia hapa hapa Rusimbi, anayefundisha kwaya yetu. Aliachiwa fidla hiyo na padri mmoja mzee aliyerudi kwao. Winfrida alianza kuishika akiwa bado mdogo, nikadhani ni mchezo wa kupita, kama kuruka kamba. Haukupita.

Mwaka huu mwalimu alinifuata, meno yote nje kwa furaha, sokoni Mwanga, pale ninapouza dagaa na mawese. Alisema kuna mashindano ya dunia ya fidla kwa vijana, yanafanyika Ulaya, na kujiandikisha ni bure. Mtoto anarekodiwa video akipiga vipande viwili mfululizo. Hakuna kusimama katikati, hakuna kukata na kuunganisha. Ikikatika, haipokelewi. Wakimpenda, wanamwita kwa nauli yao.

"Mwisho ni miaka kumi na sita," akasema. "Mwakani atakuwa amepita. Ni mwaka huu au basi, Mama Winfrida."

Nilifurahi, halafu hapo hapo nikaogopa. Mimi nimelelewa hivi: jambo la heri halisemwi mpaka liwe mkononi. Mimba haisemwi, safari haisemwi. Jicho la mtu ni kitu kibaya. Na ukuta kwa ukuta naishi na Skolastika, fundi cherehani, ambaye ukimwambia neno asubuhi, mchana unalikuta limefika Ujiji limevaa nguo nyingine.

"Mwalimu, mtu yeyote asijue," nikamwambia.

"Mama Winfrida, fidla haifichiki. Inalia."

"Basi ilie taratibu."

Toka siku hiyo fidla ikawa inaenda ukumbi wa kanisa ndani ya beseni langu, imeviringishwa khanga, na juu yake nimetandaza dagaa. Mwalimu akiifungua anapiga chafya. "Mana yanje! Mungu wangu, hii ni fidla au ni mboga?" Winfrida alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nachungulia dirishani.

Halafu uzi mmoja wa fidla ukakatika, na uzi huo huupati Kigoma, hata ufanyeje. Dada yake mwalimu, Mélanie, aliutafuta Bujumbura akampa abiria aliyekuwa anakuja huku. Tukasubiri. Abiria akachelewa. Uzi ulipofika, ilikuwa imebaki siku moja tu ya kupokea video.

Siku zile zote watu walikuwa wananiuliza: mbona Winfrida haonekani kwaya? Mbona hayupo kwenye meza ya dagaa? Nikawa najibu jibu moja, "Anaumwa homa." Nikaona nimepata kifuniko kizuri. Mama mkwe wangu, Bibi Frida, alipiga simu kutoka Kidahwe akitaka mjukuu akamsaidie kuvuna maharage. Naye nikamwambia homa.

Nilisahau kitu ambacho kila mtu wa hapa anakijua. Kwetu mgonjwa haachwi. Ukisikia mtu anaumwa na hukwenda kumwona, wewe ndiye unayesemwa.

Siku ile ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, tukaingia ukumbini watatu: mwalimu, Winfrida na mimi. Ukumbi hauna umeme, tulitegemea mwanga wa madirisha, kwa hiyo ilibidi tumalize kabla jua halijashuka. Mwalimu akaegesha simu juu ya rundo la vitabu vya nyimbo. Winfrida akapaka upinde ule utomvu wake mkavu, unaoufanya ushike nyuzi, akaweka fidla begani, akafumba macho.

Jamani, nyie. Alipoanza kupiga nilisahau hata kuchungulia.

Kipande cha kwanza kilikuwa kimefika katikati, mlango ukalia kwiiiii. Mzee Thobias, mzee wa kanisa, kofia mkononi. Winfrida akashusha fidla, akapiga goti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole sana. Nimekuta nyumba imefungwa, nikaambiwa na majirani mmekuja huku. Nikajua mmemleta kuombewa."

Mwalimu akashika kichwa. Mimi nikamshukuru mzee, nikamsindikiza mpaka nje, nikamwambia mtoto anahitaji utulivu. Wala sikusema uongo.

Tukaanza upya. Safari hii alimaliza kipande cha kwanza, akaingia cha pili. Mara nikasikia kandambili, na sauti ninayoijua.

"Hodi! Kumbe unaweza kusimama, mgonjwa wetu?"

Skolastika, na chupa ya uji wa ulezi. Fidla chini, goti chini. "Shikamoo mama."

"Winfrida!" mwalimu akapiga kelele. "Usisalimie! Mtu akiingia, wewe endelea kupiga!"

Mtoto akamwangalia kama ameambiwa amtukane mtu. "Mwalimu, nimpite mtu mzima kama jiwe? Mama ataniua."

"Mama yako yupo hapa. Muulize."

Akanigeukia. "Mama, sema. Nisimsalimie?"

Nikashindwa. Skolastika amesimama pale na uji wake wa moto, aliyeacha cherehani yake akaja kwa ajili ya mwanangu, nami nimwambie mtoto amfanye kama hayupo? Nikampokea chupa, nikamsukuma nje kwa maneno matamu, nikafunga mlango. Ukumbi ule hauna komeo kwa ndani, nikaweka benchi.

Mara ya tatu. Jua lilikuwa limeshageuka, mwanga umekuwa wa njano, mwalimu anauangalia kila mara. Winfrida alikuwa amechoka lakini alipiga vizuri kuliko zote. Kipande cha kwanza kikaisha. Cha pili kikaenda, kikaenda, mpaka nikaanza kutambua kwamba tunakaribia mwisho.

Benchi likasukumwa.

Alikuwa Bibi Frida, kutoka Kidahwe, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, na jogoo hai amemkumbatia kwapani. Na wewe kama unawajua Waha, unajua salamu ya bibi na mjukuu haiishi kwa neno moja. Winfrida akainama, akapiga makofi polepole, bibi akaitikia, akauliza ya nyumbani, mtoto akajibu, akauliza ya shambani, bibi akajibu, huku jogoo naye anasema yake.

Mwalimu Zénon akazima simu, akakaa sakafuni. Hakugomba. Hilo ndilo lililoniuma. Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Mwanga umebaki wa mara moja. Na wagonjwa wana ndugu wengi."

Winfrida hakulia. Alikuwa anaipangusa fidla kwa upindo wa khanga. Nikamwona pale, na nikajua kwamba hakuna jicho la mtu yeyote lililomfikia mwanangu. Ni mimi niliyemwita kila mmoja wao, kwa mdomo wangu.

Nikatoka nje. Skolastika hakuwa ameondoka, alikuwa kwenye ngazi anaongea na Mzee Thobias. Bibi akanifuata na jogoo wake. Nikasema, "Winfrida haumwi."

Wote wakanigeukia.

"Haumwi. Hajawahi kuumwa. Kuna mashindano ya fidla huko Ulaya, leo ndiyo mwisho, anatakiwa apige mpaka mwisho bila kusimama. Nilificha."

Skolastika akashika kiuno. "Ulimficha nani?"

Macho yangu yakamwendea yeye. Akaelewa.

"Mimi? Ulidhani nitairoga fidla? Mama Winfrida, mimi hata sindano ya cherehani inanishinda kuiroga, inavunjika inavyotaka!"

Mzee Thobias akacheka mpaka akakohoa. Bibi hakucheka. "Mkamwana," akaniambia, "unaogopa kijicho, halafu mdomo wako mwenyewe unamwita mjukuu wangu mgonjwa, siku zote hizi. Sasa kipi kibaya?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe baadaye. Jua halisubiri."

Akarudi ndani, akatuita sote. Akamwambia Winfrida, "Tusalimie wote sasa hivi, umalize deni." Winfrida akazunguka, akampigia goti kila mmoja, wageni wote watatu na hata mimi mama yake. Kwa bibi akarudia makofi yote, mwanzo mpaka mwisho. Bibi akaitikia, halafu akamshika mkono. "Mimi ndiye mkubwa hapa. Umeshatusalimia. Atakayekuja, atasalimiwa na mimi huko nje. Wewe piga."

Akatoka akakaa kwenye kizingiti, mlango umefungwa nyuma ya mgongo wake. Skolastika akamfunika jogoo kichwa kwa khanga ili alale, akamweka mapajani. Mzee Thobias akaenda kusimama njiani kwenye kona. Mimi nikakaa ukutani kwa nje.

Tukamsikia anaanza.

Katikati ya kipande cha kwanza wakatokea akina mama wa kwaya, kundi zima, na rozari zao, wamekuja kumwombea mgonjwa. Mzee Thobias akawapungia mikono kama anafukuza kunguru. Hawakuelewa, wakazidi kuja. Bibi akaweka kidole mdomoni, akawaonyesha chini kwa mkono. Wakakaa pale chini, mmoja mmoja, bila neno. Salamu zote zikapita kwa macho.

Sijui muda ulikuwa mrefu kiasi gani. Najua kwamba kipande cha pili kilifika pale kilipokatikia mara ya tatu, na kikapita. Kikaendelea. Kikashuka, kikawa chembamba kama uzi, kikaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliogopa video bado inarekodi.

Mlango ukafunguka, mwalimu Zénon akatoka, simu ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. "Imetimia," akasema. "Yote. Haikukatika."

Sasa kuituma. Simu ya mwalimu mtandao unasuasua, kile kimstari kinasogea kama konokono na kurudi. Skolastika akamnyang'anya. "Njooni kwangu. Mimi mitindo ya nguo napokea ya Dar kwa video kila siku, unadhani naipokeaje?" Tukaenda wote dukani kwake, kwaya nzima nyuma, akaiunganisha simu ya mwalimu na intaneti yake. Kimstari kikajaa. Kukaja ujumbe wa Kiingereza, mwalimu akausoma mara mbili kabla ya kutuambia: imepokelewa.

Hapo ndipo nililia, mama mwenzangu. Nililia kwenye vitambaa vya watu. Skolastika akanipa kipande cha kitenge. "Futa. Hicho cha mteja, usikiharibu."

Jogoo alichinjwa jioni ile ile. Bibi alisema kuku wa mgonjwa harudishwi Kidahwe, na kwa vile mgonjwa hayupo, supu inywewe na waliopona. Winfrida alipewa firigisi. Fidla ilikuwa juu ya meza, mbele za watu, imevuliwa khanga yake, na bado ilikuwa inanuka dagaa.

Majibu yatatoka mwezi ujao. Akiitwa nitasema. Asipoitwa nitasema vilevile, pale pale sokoni, kwa sauti. Na wewe ukipita Mwanga ukaniona kwenye meza ya dagaa, niulize mwanangu anaendeleaje. Nitakujibu ni mzima.