Mahali Ishara Inapoishia

Tangu asubuhi nilikuwa nabishana na Nusaiba kwa simu, yeye akiwa Kitui mjini, mimi kwetu Mbooni. Kazi yetu ni kupanga shughuli za seli kwenye kompyuta, kila moja chini ya kundi lake, ili watafiti wa kila nchi waelewane. Tulikwama kwenye ishara zinazopita ndani ya seli. Protini moja inaamsha nyingine, nayo inaamsha nyingine, mpaka habari ifike ndani kabisa na seli ianze kugawanyika. Nusaiba alitaka huko kugawanyika nako kuhesabiwe kuwa sehemu ya ishara.

"Hapana," nikasema, sauti ishaanza kupanda. "Kuitwa ni kitu kingine, na kufanya ni kingine."

Filimbi ikalia kule bondeni, halafu nyingine ikaipokea karibu na kwetu.

"Ni nini hiyo?" akauliza.

"Mwethya. Majirani wanaitana kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Leo ni kwa Kavata. Sasa unaona? Filimbi ikishafika masikioni, imemaliza kazi yake. Kuchimba ni kundi lingine."

"Na imekufikia?"

"Imenifikia vizuri sana."

"Na bado umekaa."

"Nimekaa."

Nikamsikia akibofya kibodi. "Basi umeshinda. Naandika hivyo."

Nilikuwa bado nafurahia ushindi wangu nilipomwona Mama Mbaluka, jirani yetu, akipita kuelekea kwa Kavata. Alikuwa amebeba majembe mawili. Akaegemeza moja kwenye lango langu, akaenda zake bila kuniita.