Afande Hapendi Sabuni

Mimi ni dobi, na dobi wa kweli haoni watu, anaona nguo. Tukikutana njiani nitakusalimia vizuri, lakini macho yangu yatakuwa kwenye kola yako. Nyumbani kwangu hakuna nguo inayolala chafu. Mume wangu ni dereva wa lori, analala safarini siku nyingi kuliko anazolala kitandani kwake, na hupenda kuwaambia watu kwamba akivua soksi huku anaongea, sentensi ikifika mwisho soksi ziko kwenye kamba. Anatia chumvi, ila si nyingi.

Kwa hiyo niliposema tunafuga mbwa, majirani walitoa macho.

Nilikubali kwa ajili ya Kadogo, binti wa mume wangu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, akalelewa na bibi yake, na bibi alipozidiwa na uzee akaletwa kwetu. Kichwa chake kilikuwa kinanifika begani tayari, lakini jina la Kadogo lilikuwa limeshamganda. Alikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Asante." "Ndiyo." "Nimeshiba." Mwaka mzima hakuniita chochote, si mama, si mama mdogo, hata "wewe" hakuniita. Akinihitaji alikuja akasimama karibu yangu mpaka nigeuke. Siku aliyofaulu mtihani, baba yake akamuuliza anataka zawadi gani, akasema anataka mbwa. Sikuwahi kumsikia akitaka kitu. Ningekataa kwa mdomo gani?

Tulikwenda kwa mfugaji mmoja nje ya mji. Mimi moyoni nilishachagua: kijibwa cheupe chenye manyoya, kilichotulia kwenye kona yake kama mto wa kochi. Cheupe kinafulika. Lakini Kadogo alikuwa amepiga magoti upande wa pili, mbele ya mbwa wa rangi tatu, nyeusi, nyeupe na kahawia, mwenye masikio marefu yaliyolala mashavuni na mkia uliosimama wima. Mbwa yule hakumtazama usoni hata kidogo. Alimnusa viatu, akamnusa viganja, akanusa mfuko wa sketi, kisha akakaa chini mbele ya mfuko huo, akasubiri maelezo. Mfukoni mlikuwa na kipande cha biskuti.

"Haya, Afande," Kadogo akasema, akamkabidhi biskuti, akacheka. Jina likawa limepatikana, na kijibwa changu cheupe kikabaki pale pale.

Mfugaji alikuwa mkweli, hilo sitamnyima. "Huyu ni mbwa wa kunusa," alituambia. "Ukoo wake ni wa kuwinda sungura. Pua ikishika njia, masikio yanaziba, kwa hiyo msimfungulie kamba barabarani hata akiwapenda vipi. Anataka kutembezwa asubuhi na jioni, tena matembezi ya kweli, si ya kuzunguka nyumba. Masikio myakague na kuyakausha, maana yakilala hivyo hayapati hewa. Chakula mpimieni, huyu hajui kushiba. Na hapendi kuachwa peke yake. Mkimwacha, atauambia mtaa mzima."

Hilo la mwisho mume wangu alilisikia kwa sikio moja. Mimi sikulisikia kabisa, nilikuwa namtazama Kadogo.

Tulijifunza tabia zake taratibu. Sahani yake aliimaliza kabla sijanyoosha mgongo, mpaka daktari wa mifugo, dada mmoja kijana mwenye kliniki nyuma ya soko, akatushauri tumfichie chakula ndani ya soksi kuukuu, kila soksi na kona yake, ili afanye kazi kabla ya kula. Mbwa wa aina hii, alisema, pua ikichoka ndipo mwili unatulia. Basi kila jioni chumba chetu kilipekuliwa kama cha mshukiwa. Asubuhi nilimtembeza mimi kabla ya kufungua duka langu la udobi. Jioni tulitoka watatu, Kadogo kashika kamba, Afande pua chini, mimi pembeni.

Kwenye matembezi hayo ya jioni Kadogo akaanza kuongea. Hakuwa akiniangalia, alikuwa akimwangalia mbwa, lakini maneno alikuwa akiniambia mimi. Alisimulia mwalimu wa hesabu anayerusha mate akisema "desimali", na rafiki aliyemnunia bila sababu halafu akaacha kununa bila sababu. Nilijibu kwa sauti ya chini, nisije nikamkatiza. Nilifurahi jamani, kwa nini nifiche? Dukani nilipiga pasi huku naimba, na wateja wakaanza kuniuliza kama nimeongezewa kitu.

Tatizo lilikuwa mchana. Kadogo yuko shuleni, baba yake yuko barabarani, mimi niko dukani, na Afande yuko ndani peke yake. Hakuwa akibweka. Alinyanyua shingo akatoa kilio kirefu, akapumzika, akaanza upya. Kumpeleka dukani nilishajaribu mara moja. Njiani alikutana na kitu kilichokufa mtaroni, akajipaka vizuri, kisha akaja kujifuta kwenye shuka za hoteli nilizokwisha kuzipiga pasi. Sisemi zaidi.

Mwenye nyumba alikuja Jumanne. Ni mzee mpole, ndiyo maana nilijua ameshashindwa.

"Mama Dobi, mimi sina ugomvi na mbwa," alisema. "Ila mpangaji wangu wa juu ni mlinzi. Anakesha kazini, mchana ndio usiku wake. Jana kanijia na macho mekundu mpaka nimemwonea huruma. Nawapeni mpaka Jumapili. Kuanzia Jumatatu nikiisikia sauti ile, mbwa arudi alikotoka."

Kadogo alikuwa mlangoni akisikia. Hakulia wala hakubisha. Jioni ile tulitembea na hakusema neno, na mimi nikaona mwaka wetu wa "asante" na "nimeshiba" unarudi. Mbwa akiondoka, mtoto huyu atajifungia tena, na safari hii sina ufunguo.

Nikaenda kwa daktari. Akaniuliza nani anampa Afande chakula, nani anamtoa asubuhi. Nikasema ni mimi. "Basi wewe ndiye mtu wake, mama," akasema. "Ukitoka, mwachie nguo yako alalie. Harufu yako itamtuliza."

Jambo jepesi hivyo? Usiku ule nilichagua blauzi yangu nzuri, nikaifua, nikaitia wanga, nikaipiga pasi, nikaikunja mara nne na kuiweka kwenye godoro lake. Asubuhi Afande aliinusa, akapiga chafya, akaipa mgongo. Mchana, jirani anasema, alilia kuliko siku zote.

Daktari nilipompigia simu alicheka mpaka akaomba radhi. "Mama, umempa sabuni. Nataka nguo uliyoivaa, ambayo haijagusa maji."

Hapo nikakwama. Nyumba nzima haikuwa na nguo ya namna hiyo, na mpaka wiki ile jambo hilo lilikuwa fahari yangu. Nikajikaza kisabuni, Alhamisi nikavaa blauzi kutwa nzima, na jioni, kwa uchungu mkubwa, sikuifua. Nayo ikapigwa chafya. Kutwa ninashinda kwenye mvuke na dawa ya madoa, hata jasho langu linanuka duka. Ijumaa ikaenda vivyo hivyo. Jumamosi jioni nilitoa simu nimpigie mfugaji, nimwombe ampokee.

Kadogo akaja akasimama karibu yangu mpaka nikageuka. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Akaufungua, akatoa kitambaa changu cha zambarau, kile nilichokuwa nafungia nywele wakati wa kulala, ambacho nilishakitafuta mpaka nikakisamehe.

"Hiki hakijafuliwa," akasema.

Kilikuwa kwenye foronya yake muda wote huo. Foronya ile naifua kila wiki, na sijui siku hiyo alikuwa anakihamishia wapi. Kilikuwa kimechakaa na kina mafuta ya nywele, hata mimi niliisikia harufu yangu ndani yake. Afande alikuja mwenyewe kutoka upande wa pili wa chumba. Alichomeka pua, akavuta hewa, akakiburuta mpaka kwenye godoro lake na kukilalia.

Jumapili tulimfungia ndani, tukaketi kwenye ngazi za nje, roho mkononi. Saa ya kwanza ikapita. Jua likahama ukuta mmoja hadi mwingine. Mlinzi wa juu akainama kwenye kingo za baraza na shuka begani.

"Mama, mmemrudisha?"

"Hapana. Amelala."

"Basi na mimi nilale," akasema, akafunga mlango wake taratibu. Mwenye nyumba, aliyekuwa anajifanya kufagia uani, akaweka ufagio chini na kuingia ndani bila kuniambia kitu, nikajua tumepona.

Jioni tulitoka watatu kama kawaida. Nilingoja mpaka Afande akashika harufu yake, ndipo nikasema, macho kwa mbwa kama Kadogo anavyofanya, "Kile kitambaa ulikichukua lini?"

"Wiki niliyokuja."

Afande alisimama kupekua nguzo ya taa, nasi tukasimama.

"Mama alipofariki walifua vitu vyake vyote," akasema. "Siku ile ile. Shuka, magauni, kila kitu. Nilitafuta mpaka chini ya kitanda, vyote vilikuwa vinanuka sabuni. Ndiyo maana chako nilikichukua mapema."

Alikuwa na miaka kumi na moja alipofika kwangu, hajanizoea, na tayari alikuwa anajiandaa asije akanipoteza na mimi bila kubaki na kitu.

"Sasa Afande amekichukua," akaendelea. "Usiku mimi nitalala na nini?"

Nikafungua kitambaa cha kichwani pale pale barabarani, watu wanapita, nywele zangu timutimu. Kilikuwa na jasho la siku nzima kwenye ngazi na doa la chai pembeni, na vidole viliniwasha kwa hamu ya kukiloweka. Nikampa. Alikinusa kwanza, kisha akakikunja na kukitia mfukoni.

"Usije ukakitafuta, mama," akasema.

Nikamwambia sitakitafuta.