Shahidi wa Pikipiki

Fransis Komba alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Alichoshwa na barua. Kila mwaka masika yakikaribia, barua ya kampuni ya bima ilimfuata mpaka Temeke, na kila mwaka bima ilikuwa imepanda. Pikipiki ndogo za makarani zilipandishiwa shilingi tano, kumi. Ya kwake, kwa kuwa ni jitu zima lililonunuliwa kwenye mnada wa vyombo vya jeshi baada ya vita, lenye kigari cha kubebea mtu ubavuni, ilipandishiwa mara mbili. Eti pikipiki kubwa hupendwa na wakorofi. Mkorofi gani, jamani? Seremala wa miaka hamsini na mbili, anayekwenda polepole mpaka mbwa wanachoka kumfukuza?

Ingekuwa pikipiki ya fahari angeiuza siku hiyo hiyo. Lakini ile ndiyo iliyokuwa miguu ya mkewe. Filomena alikuwa na donda juu ya kifundo, mwaka wa tatu huo, na kila Jumatatu lilitakiwa kusafishwa hospitali ya mjini, maili nne kutoka nyumbani. Basi la abiria alilipanda mara moja tu. Mtu akamkanyaga, akazimia. Daktari alikwisha sema kwamba akikosa wiki mbili tatu, mguu utakatwa. Na bila karatasi ya bima askari wa barabarani hakuachi. Utalala ndani, na pikipiki italala kituoni.

Mwaka huu barua ilikuja na nafuu. Mwenye pikipiki akileta shahidi asiye ndugu yake, aliyemfahamu miaka kumi, akaeleza mwendo wake barabarani, bei itapunguzwa nusu. Fransis hakufikiri mara mbili. Nani tena kama si Kasiani, fundi cherehani wa nyumba ya pili?

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni letu sie. Fransis Mngoni, Kasiani Mhehe. Babu zao walipigana, wajukuu wakaachiwa utani. Mtani hukwambia lolote, hata msibani, hata mbele ya padri, nawe hukasiriki. Ukikasirika aibu ni yako. Kwa miaka kumi na minne wawili hawa hawakuwahi kuambiana neno la kawaida, hata salamu. Filomena alipoanza kuugua, Kasiani ndiye aliyemchotea maji mwezi mzima, huku akimshauri amwache Mngoni aolewe na mwanamume.

Ofisini walimkuta karani kijana wa Bukoba, Adelard, tai shingoni, uso haujui kicheko.

"Shahidi, unamfahamu bwana huyu?"

Njia nzima, amekaa kigarini kama bibi harusi, Kasiani alikuwa akiapa kwamba leo atasema vizuri. Lakini alipogeuka akamwona Mngoni wake kavaa koti la kanisani, mikono magotini, katulia kama mtoto wa komunyo ya kwanza, ulimi ukamponyoka.

"Huyu? Nani asiyemfahamu! Kuku wa Temeke wote kawamaliza yeye. Breki anazisikia kwa watu tu."

Karani hakucheka. Akaandika. Kasiani, aliyezoea kuchekewa, akaona mzaha haujakolea, akaongeza chumvi. "Juzi kaingia na pikipiki msibani, nusura maiti afufuke akimbie."

Na Fransis je? Angesema tu, "Bwana karani, huyu ni mtani wangu, ananitania." Maneno saba. Lakini mazoea yana tabu. Mdomo ukajibu wenyewe: "Kweli kabisa! Na huyu Mhehe nimemleta leo nikamtupe bandarini."

Kalamu ikaandika na hilo.

Ndipo walipogutuka. Wakaeleza wote kwa mpigo: utani, Songea, Iringa, mababu. Adelard akawasikiliza mpaka mwisho, maskini, hakuwa mtu mbaya.

"Wazee wangu, nimewaelewa. Hata kwetu utani upo. Lakini Mzungu anataka kila neno kama lilivyotoka, na fomu hizi zina namba, nikichana moja naulizwa." Akaongeza mstari chini kwamba wanasema walikuwa wakitania.

Jibu lilikuja Ijumaa ya pili. Kampuni haimkatii bima mtu anayefanyia mzaha roho za watu. Fransis akaenda kampuni nyingine mbili. Zote zilimuuliza kama amewahi kunyimwa bima. Akasema kweli, na zote zikamnyima.

Filomena alisikiliza, akavuta kanga juu ya mguu. "Mmeniua kwa kucheka," alisema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

Fransis hakumwendea Kasiani. Angemwambia nini? Mtani hagombezwi. Wala Kasiani hakuja, maana mtani haombi radhi. Siku tatu cherehani ya nyumba ya pili haikulia.

Jumatatu asubuhi Fransis alitoka kutafuta mkokoteni wa kukodi. Akamkuta Kasiani kainama mbele ya pikipiki, anafunga kamba mpya.

"Nimemuuliza askari wa njia panda," alisema bila kuinua uso. "Injini ikiwa imezimwa, tukaivuta kwa mikono, hatatushika."

"Maili nne, Kasiani."

"Najua ni maili nne."

Filomena akapandishwa kigarini, mto chini ya mguu. Kasiani akatangulia na kamba begani, Fransis akashika usukani, akasukuma. Lo, jitu lile lilikuwa zito! Walipofika Keko mashati yalikuwa yamelowa chapa, na watu walisimama kuwatazama. Kwa mandhari kama ile, siku nyingine Kasiani angesema mpaka sauti ikauke. Leo hakusema neno. Kamba ilikuwa imemchuna bega, akahamishia la pili.

Kimya kile kilimuuma Fransis kuliko barua zote za bima. Akajikaza, pumzi juu juu.

"Wee Mhehe! Punguza mwendo, utamaliza kuku!"

Kasiani akasimama. Akageuza uso upande wa nyumba za kando ya njia, mkono umeshika kamba, mabega yanamtikisika. Fransis akafurahi, akafungua mdomo aongeze la pili.

"Mwache, mume wangu," Filomena alisema polepole kutoka kigarini. "Huyo hacheki, analia."

Fransis akaufunga mdomo, akainama, akasukuma. Mbele kulikuwa na zaidi ya maili mbili, na hadi Jumatatu ijayo zilikuwa siku saba tu.