Moyo kwa Mistari ya Baba

Binti alikula yamini mbele ya mama yake kwamba baba hatajua. Daktari alishasema moyo wa mzee umechoka, hauna dawa, apumzike tu nyumbani na watu wake. Mama akaamua mumewe aambiwe ni uchovu wa umri, na binti akakubali kwa shingo upande.

Haya, sasa tazama alichokifanya msomi wetu huyu. Kazi yake ni michoro ya kompyuta ya kufundishia wauguzi: kiungo unakigeuza kwa kidole, unakipasua, unachungulia ndani. Baba mtu alichora vitabu vya tiba tangu enzi za kalamu na wino, na binti akaifundisha kompyuta kuchora kama yeye: mstari mnene penye kivuli, mwembamba penye mwanga. Alitaka mzee auone mkono wake ukifanya kazi kabla hajaondoka. Ila kompyuta haichori hewa, inataka picha za kweli za hospitali, na alizokuwa nazo ni za moyo wa baba yake. Akafuta jina. Akajiambia moyo ni moyo, nani atajua?

Nani atajua, jamani! Mtu aliyechora mioyo maisha yake yote.

Akampelekea tableti kitandani. Mzee akavaa miwani, akaanza kucheka.

"Ala, si kalamu yangu hii? Umeniibia mkono, mama."

"Nimeazima tu, baba."

"Utarudisha lini?"

Wakacheka wote wawili, na siku nyingi zilikuwa zimepita nyumba ile haijasikia kicheko. Binti akaona raha mpaka akajisahau.

Mzee akaupasua moyo. Kidole kikatembea, kikasimama chumba cha kushoto. "Kimevimba. Bwana huyu akipanda ngazi lazima asimame njiani." Akasogeza tena. "Na huu waya wa kusaidia mapigo..."

Mkono wake wa pili ukapanda taratibu hadi chini ya mtulinga, penye kovu, alipowekewa kidude cha mapigo mwaka jana. Picha za kijivu za hospitali alishaonyeshwa na daktari asiambulie kitu. Kwa mistari yake mwenyewe alisoma kila kitu.

Binti akatamani ardhi ipasuke immeze. Akajikaza kisabuni: "Baba, huo ni mfano tu."

"Mama yako anajua?"

Akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Alijichukia. Siri aliyoilinda kwa mdomo alikuwa ameimwaga kwa mkono wa baba yake.

Mzee hakufoka. Aliendelea kuutazama ule moyo ukidunda polepole kwenye kioo, uso umemkunjamana kama anasahihisha kazi ya mwanafunzi.

"Na hapa umenificha tena," akasema. "Ukuta uliokonda hivi mimi huuchora kwa mstari mmoja. Wewe umeweka miwili, unaonekana una nguvu."

Kweli. Kompyuta ilichora mmoja. Wa pili aliuongeza binti mwenyewe, kwa sababu hakustahimili kuuona ulivyo.

"Ufute. Wanaosoma wajue."

Akaufuta, baba yake akitazama. Ukuta ukabaki mwembamba.

Mzee akavua miwani, akaiweka kifuani. "Sasa nenda kamwite mama yako," akasema. "Mwambie aache jiko, aje akae na mimi."