Taulo Chini ya Mlango

Kelepi aliishi nyumba moja na dada yake kwa miaka mingi bila kujua kuta za chumba cha dada huyo zilikuwa na rangi gani. Kwa Mtonga, mtu wa visiwa vya Tonga vya bahari ya Pasifiki, hilo si ajabu. Mwanamume hakanyagi chumba cha dada yake, hamwangalii akiwa amelala, wala hacheki mzaha wa mapenzi mbele yake. Na dada akiwa ndiye mkubwa, kama alivyokuwa Meleane, neno lake halina rufaa. Ndiyo maana katika nyumba ile ya kupanga kusini mwa jiji la Auckland, New Zealand, Meleane alipewa chumba cha mbele chenye dirisha, naye Kelepi na mkewe Sela wakahamia gereji, wakatandika zulia juu ya saruji na kuizoea harufu ya petroli.

Meleane alipopigwa na kiharusi kilichompoozesha upande mmoja, hospitali ilitaka kumpeleka kwenye makao ya wazee. Kelepi alisimama mbele ya daktari akasema hapana, yeye ni kaka yake, atamtunza. Aliyasema hayo kwa fahari. Kisha akarudi nyumbani akamtwisha Sela mzigo wote. Sela ndiye aliyemwosha, aliyemgeuza, aliyemlisha talo, yale magimbi ya kwao, iliyopondwa kwa tui la nazi. Kelepi alileta mshahara wa kiwanda cha nyama na kuulizia hali kutoka ukumbini. Kitanda walichopewa na hospitali Meleane alikikataa. Alitaka godoro lake sakafuni, juu ya mikeka aliyoisuka mama yao, kama alivyolala tangu utotoni.

Kisha mama yake Sela akafariki kisiwani Vavaʻu, kule Tonga, na Sela akaenda kuzika. Aliaga kwamba atarudi baada ya wiki, akamsisitiza mumewe amwite mama mmoja wa kanisani aje kumwosha wifi yake asubuhi na jioni. Lakini kimbunga kiliingia, uwanja wa ndege ukafungwa, meli zikatia nanga, na wiki ile ikajivuta hadi ikakaribia mwezi.

Jioni ya kwanza Kelepi alisimama nje ya mlango akamweleza dada yake habari za yule mama wa kanisani. Meleane alikuwa ameongoza kwaya miaka ishirini. Sauti yake hata baada ya kiharusi iliweza kumnyoosha mtu mgongo.

"Aje anivue nguo, halafu Jumapili kwaya nzima inijue?" alisema. "Mlete uone kama nitakuita kaka tena."

"Sasa nani atakuosha, dada?"

"Sela atarudi. Nenda kazini."

Akaenda kazini. Kila asubuhi na kila jioni aliusukuma mlango upana wa mkono tu, akageuzia uso wake ukutani, akaisogeza sinia ndani. Meleane aliivuta kwa fimbo yake kwa mkono ule mzima. Mwanzoni sahani zilirudi tupu, baadaye zikarudi nusu, na hatimaye zikawa zinarudi kama zilivyokwenda, mchuzi umeganda juu yake. Kelepi aliuliza, "Dada, uko sawa?" na jibu likawa lile lile, niko sawa, ila kila siku lilitoka mbali zaidi. Muuguzi wa mtaa alipopiga simu, Kelepi alimwambia mambo yote ni mazuri, kwa sababu hivyo ndivyo dada yake alivyomwagiza kusema. Sela alipopata mtandao kule Vavaʻu, Kelepi alimwambia hivyo hivyo.

Ndege zilipofunguliwa, Sela alifika nyumbani mchana, akaweka mzigo wake barazani, akaenda moja kwa moja chumbani kwa wifi yake. Kelepi alikuwa kazini. Alichokikuta Sela hakuwahi kukisimulia, hata kwa polisi alikisema kwa maneno machache na macho yakiwa chini. Daktari ndiye aliyeandika kwamba vidonda vya mgongoni vilikuwa vimefika mfupani na kwamba mwili haukuwa na maji.

Msibani Kelepi alikaa nyuma ya nyumba, mahali pa ndugu wenye hadhi ya chini kuliko marehemu, akichochea moto wa kupasha mawe ya kuokea viazi vikuu na nguruwe. Macho yake yalikuwa mekundu na watu wakasingizia moshi. Wageni walipotawanyika, Sela alisimama jikoni akifuta sinia moja kwa muda mrefu.

"Kimbunga kilipopiga," alisema, "kaka yangu alimbeba dada yetu mgongoni mpaka kanisani. Alikuwa na gauni la kulalia tu, limelowa. Hakuna aliyefungua mdomo kumlaumu."

 Sela hakulirudia tena neno hilo, na ingekuwa nafuu kama angelirudia kila siku.

Polisi walipomfungulia Kelepi mashtaka, wakili aliyepewa alikuwa binti wa Kitonga aliyezaliwa pale pale Auckland, jina lake Katalina, mwenye Kitonga cha kuungaunga. Alimwambia Kelepi bila kumficha kwamba yeye na kaka zake hupigana mateke kwenye kochi moja wakigombea rimoti, lakini bibi yake angemwelewa. Kisha akamfafanulia mashtaka. Sheria, alisema, haimfungi mtu kwa kukunja mikono tu. Mpita njia akimwona mtu anazama, anaweza kuendelea na safari yake, aibu ikabaki kati yake na Mungu. Lakini aliyejitwika kumtunza asiyejiweza hana tena ruhusa ya kukunja mikono. Akimwacha bila chakula, bila maji, bila daktari, naye akafa, kutotenda kwake kunahesabiwa kama kutenda.

"Njia tuliyo nayo ni moja, mzee," alisema. "Tuwaonyeshe kwamba kwa mtu kama wewe mlango ule ulikuwa ukuta. Nitamleta mtaalamu wa mila. Na tutasema aliyekataa msaada ni yeye mwenyewe, akili yake ikiwa timamu."

"Tumlaumu dada?"

"Tuseme ukweli. Alikataa."

Kelepi akauliza kama picha zile zilizokuwa ndani ya faili zingeonyeshwa. Katalina akasema ndiyo, kesi ikisikilizwa zitaonyeshwa kwa wazee wa baraza wote.

"Na wanaume?"

"Na wanaume."

 Kelepi alimpenda dada yake. Hilo hakulionea shaka. Alimwogopa pia, kama alivyomwogopa tangu akiwa na magoti yenye vumbi, na ndani ya hofu ile alikuwa amejenga nyumba nzuri akaipa jina la heshima. Kwa miezi kadhaa alikuwa amekaa humo. Sasa binti huyu alikuwa anamwahidi kwamba angeweza kuendelea kukaa humo, na mahakama ingemwekea muhuri.

"Mwanangu," alisema, "na taulo tutalisemaje?"

"Taulo gani?"

Hakuna aliyejua. Sela alilipiga teke alipofungua mlango, na polisi walipofika lilikuwa nguo tu kati ya nguo. Kelepi akaeleza polepole, akiutazama mkono wake. Siku za mwisho Meleane alikuwa amesema asiletewe chakula tena, kwa hiyo mlango haukufunguliwa kabisa. Harufu ikaanza kutoka. Ilimfuata mpaka jikoni, ikamfuata mpaka gereji. Hakumwita muuguzi. Hakumwita mama wa kanisani. Alichukua taulo lake la kuogea, akalikunja, akalisukumiza kwa kidole cha mguu chini ya mlango mpaka ufa wote ukazibika. Usiku ule alilala.

"Mila ilinikataza kuingia," alisema. "Haikuniambia nizibe."

Katalina aliweka kalamu chini. Alimkumbusha, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kiwakili, kwamba hilo hakuna aliyemuuliza na hakuna atakayemuuliza.

"Najua," alisema Kelepi. "Ndiyo maana nimekwambia."

Alipanda kizimbani akiwa amejifunga kiunoni mkeka wa msiba, kama afanyavyo Mtonga aliyefiwa, mkuukuu, uliochanika pembeni. Mashtaka yaliposomwa alisema ana hatia, kabla mkalimani hajamaliza kutafsiri. Jaji alimuuliza mara mbili kama ameelewa, naye mara mbili akaitikia. Faili la picha likabaki limefungwa juu ya meza. Jaji akapanga siku ya kutoa hukumu na kumruhusu angojee nyumbani. Katalina alimwonya kwamba aanze kujiandaa kwa jela.

Waliporudi, Sela alikwenda kuanua nguo. Kelepi alisimama ukumbini na mkeka wake kiunoni. Akagusa mlango wa chumba cha mbele. Haukuwa na kufuli. Ulifunguka kwa uzito wa vidole.

Kuta zilikuwa za manjano hafifu, kama nyama ya papai lililoanza kuiva. Aliingia, akaufunga mlango nyuma yake. Godoro lilikuwa limechukuliwa, mikeka imebaki. Akalala pale, ubavu ule ule ambao dada yake aliweza kuulalia, akafikiria mikono ya dada huyo iliyomwogesha, iliyomfuta makamasi na mavi, mama yao akiwa shambani, kabla hajafikia umri wa kutenganishwa naye. Mikono ile haikuwahi kuuliza.

Kutoka sakafuni aliuona ufa chini ya mlango. Mwanga wa ukumbini uliingia humo kama mstari. Kisha mstari ukakatika mahali pawili, vivuli viwili vyeusi vilivyosimama kando kando, na ikamchukua muda kutambua kwamba ni miguu ya mtu.

Ndipo alipojua alichokuwa akikiona Meleane kila asubuhi na kila jioni, na ni kitu gani kilichokatika siku ile alipoweka taulo.

"Kelepi?" Ilikuwa sauti ya Sela. "Uko humo? Uko sawa?"

Machozi yalikuwa yameufikia mkeka. Alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka hayakuwa yake.

"Niko sawa," alisema.

Vivuli havikuondoka. Alivitazama, hathubutu hata kupumua, mpaka aliposikia mlango unasukumwa.