Rimoti Huzimwa Mwisho

Ni kipupwe cha mwaka 2022, na usiku wa jana niliota kwamba gari dogo la marehemu mume wangu lilikuwa limeketi jikoni, katika kiti chake, likinywa chai.

Urefu wa gari hilo hauzidi mkono wangu, lakini lina injini ya kweli, inayonguruma kwa mafuta ya nitro, nalo huongozwa kwa rimoti. Elisante, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mkonge, alilinunua alipostaafu. Injini mpya, alisema, hailazimishwi: hunyweshwa matangi kadhaa polepole, ndipo iruhusiwe kukimbia. Tangi la mwisho alinibakizia mimi. "Mama Naomi, njoo ushike rimoti." Nikamjibu, "Kesho." Masika yalipofika, alifariki. Leo mnunuzi anakuja kulichukua.

"Shikamoo, bibi," lasema gari katika ndoto.

"Marahaba. Shusha magurudumu yako mezani."

Likayashusha. "Nimekuja kudai tangi langu. Mnunuzi ni mtu wa mbio. Akinipeleka kasi kabla sijalinywa, kifua kitakwaruzika, nami sitapona."

"Ngoja nivae viatu."

"Kwa magoti hayo? Hayo ni ya plastiki."

Bisibisi ikatoka kwenye droo, ikaniomba radhi, ikanifungua magoti na kunifungia ya alumini. Elisante alizoea kusema kwamba ukiimarisha kifaa kimoja, kinachofuata ndicho kinachovunjika. Nikasimama imara, kiuno kikakatika. Bisibisi ikanifungia kiuno cha alumini, sakafu ikapasuka.

Chini ya sakafu ni uwanja wa shule niliyofundisha. Madawati yamekaa kimya, yamekunja mikono. Mwisho wa uwanja amesimama Elisante katika koti lake la kazini, na antena imechomoza kwenye ukosi.

"Umechelewa, Mama Naomi."

"Nilikuwa nasahihisha madaftari."

"Ya nani?"

Nafikiri sana. Nilistaafu kabla yake. "Sikumbuki," nasema.

Natazama chini. Mahali pa miguu nina magurudumu manne, nayo yameanza kuelekea kwenye ua wa michongoma.

"Baba Naomi, kanuni uliniambia mwenyewe. Rimoti huwashwa kwanza, na huzimwa mwisho. Ikitangulia kuzimwa, gari hukimbia ovyo."

"Ndiyo kanuni."

"Basi kwa nini umetangulia wewe?"

Anaigusa antena yake, anaona haya kidogo. "Betri, mama. Hazikusoma kanuni."

Michongoma inakaribia. "Polepole," ananiita kwa mbali. "Polepole, mama. Bado tangi moja."

Nikaamka. Nilitaka kusikiliza taarifa ya habari, lakini redio haikuwaka. Nikaifungua mgongo: haikuwa na betri hata moja. Na betri zake nilikuwa nimezitoa kwenye rimoti kwa mikono yangu, baada ya matanga, nikazitia humo. Nikapanda kigoda, nikaishusha rimoti kutoka juu ya kabati. Antena yake ilikuwa imevutwa yote, na taa ilikuwa ikiwaka.

Binti yangu, Naomi, alinikuta uani. Nilikwisha kulijaza gari mafuta na kuipasha moto plagi ya kuwashia, nami nilikuwa navuta kamba ya injini.

"Mama, mnunuzi yuko getini."

"Mpe chai."

"Anasema ana haraka."

"Basi mpe na mihogo."

Injini ikakohoa, ikakubali. Nikalizungusha gari polepole, likipita kando ya karo la kufulia, kando ya kamba ya nguo, kando ya kile kiti alichozoea Elisante kukalia akinisubiri, huku moshi wa buluu ukiniingia machoni. Naomi alisimama mlangoni na sahani ya mihogo, akasahau alikokuwa akiipeleka.

Tangi likakauka. Nikazima swichi ya gari kwanza. Rimoti nikaishika kifuani, muda mrefu kuliko kanuni inavyotaka, ndipo nikaizima.