Taa Arobaini na Saba na Kibandiko Kimoja

Manispaa ya Dolna Krusha ilikuwa na wafanyakazi kumi, na sasa, kwa neema ya wafadhili, ilikuwa na swichi ya mtandao, mtambo wa kuunganishia kompyuta, yenye matundu arobaini na nane. Usiulize kwa nini. Fomu ya maombi ilikuwa na kisanduku cha "arobaini na nane" na kisanduku cha "nyingine, fafanua", na tangu dunia iumbwe hakuna ofisa wa Bulgaria aliyewahi kufafanua jambo kwa hiari yake.

Aliyeifunga ni Minko Tarpanov. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa mtandao wa manispaa, fundi umeme, na fundi wa mlango wa choo cha ghorofa ya pili, ambao haukuwahi kupona. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na kwa Mungu aliomba jambo moja tu: siku hiyo imkute bado kazini, apewe shada la maua na saa ya ukutani isiyotembea kama walivyopewa wenzake, aende zake nyumbani na heshima yake. Akifukuzwa sasa, kwa umri ule, hata kulinda geti hawamchukui.

Kazi ilimchukua wiki tatu. Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani, kila uzi una rangi yake, na rangi zina foleni yake ambayo haipindwi hata kwa hongo. Minko alizipanga, akazinyoosha kwa ukucha, akazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki na kukibana kwa koleo mpaka kikalia. Nyaya kumi za ofisi na mmoja wa kwenda nje. Kichwa kimoja hakikumridhisha, akakikata akaanza upya, ingawa hakuna ambaye angejua. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake kubwa: aliamini kazi nzuri huonekana.

Asubuhi ya uzinduzi, Meya Snezhana Karabelova alikuja kukagua. Alisimama mbele ya kabati la mitambo, nywele zimetoka saluni muda huo huo, akakunja uso.

"Mzee Minko, hii nini?"

"Swichi, Bi. Meya."

"Swichi naiona, macho ninayo. Nauliza hili giza. Taa kumi na moja huku pembeni, kwingine kote kiza kitupu. Mkurugenzi wa wafadhili atoke Sofia mpaka huku kuja kuangalia mashimo?"

"Nyaya kumi na moja, taa kumi na moja."

"Atasema tumeomba kubwa kuliko haja yetu."

"Kwani si ndivyo tulivyofanya?"

Meya aliamua hakusikia. "Wenzetu wa Gorna Krusha zao zinawaka zote. Nimeona picha gazetini. Lakini wenzetu wana mafundi." Akaokota waya mfupi kutoka kwenye boksi la sakafuni. "Na hivi si vya kuchomeka? Kichwa kimoja hapa, kingine hapa, taa mbili hizo. Kazi imekwisha."

"Ukiiunga swichi na yenyewe, Bi. Meya, data itazunguka humo humo kama mbwa anayefukuza mkia wake. Ofisi zote zitakufa. Ziko swichi zenye akili ya kulizuia hilo, ila hii…"

"Hii ina nini?"

"Hii ilishinda zabuni."

"Kwako wewe kila kitu hakiwezekani!"

"Niandikie amri, piga muhuri, nitachomeka."

Katika ofisi zetu, kuomba amri ya maandishi ni njia ya adabu ya kumwambia mkubwa wako aende akalale, na Meya alilijua hilo. Alitabasamu ghafla. "Haya, yaishe. Shuka kwa Genka, printa yake imekwama."

Minko alishuka. Genka, karani wa vizazi na vifo, alikuwa akijaza fomu na printa yake ilikuwa nzima kama siku iliyonunuliwa. Mbele ya meza aliketi kikongwe mwenye kitambaa cheusi kichwani, Bibi Kera, ambaye mumewe Dinko alifariki jana yake. Mazishi yalikuwa saa saba mchana, na bila hati ya kifo hakuna maziko. Genka alibonyeza kitufe cha kutuma. Kioo kikaganda.

"Mzee Minko, umegusa nini?"

"Nimegusa kitasa cha mlango wako."

"Mfumo umekata. Bibi, pole, itabidi usubiri. Siwezi kutoa hati. Kwa mfumo, mzee Dinko bado yu hai."

"Ungemwona, mwanangu," alisema Bibi Kera, "usingesema hivyo. Na kaburi limeshachimbwa, wachimbaji wameshakula."

Minko hakungoja zaidi. Alipanda ngazi mbili mbili, magoti yakimlaani.

Juu, chumba kilijaa. Palikuwa na mkate na chumvi ya kukaribishia wageni, palikuwa na utepe uliokwisha kukatwa, na Padri Evlogi alikuwa akichovya kishada cha mrihani kwenye maji ya baraka na kurusha matone kuelekea kwenye kabati la umeme, kwani kwetu hakuna kitu kinachozinduliwa kikavu. Na swichi! Taa zilikuwa zikipepesa zote kwa pamoja, kwa wazimu, bila pumzi. Meya alikuwa amechomeka nyaya fupi kumi na nane kwa mkono wake mwenyewe, jozi kwa jozi. Tundu moja lilikosa mwenzake, akaliziba kwa kibandiko cha wafadhili.

"Hii inafanya kazi kweli kweli!" alisema mkurugenzi kutoka Sofia.

"Haipumziki," alisema Meya, na wageni wakapiga makofi. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Hii ilikuwa imeshapasuka, nao wakacheza.

Minko alimsogelea Meya sikioni. "Nizichomoe. Jengo zima limekufa."

"Ukigusa, utanitambua."

"Chini kuna bibi anataka hati amzike mumewe saa saba."

"Wageni wapate chakula kwanza. Marehemu ana haraka gani?"

Padri alisikia, akasimamisha mrihani hewani. "Dinko wa Kera? Si ndiye ninayemzika mimi?"

"Huwezi, baba," alisema Minko. "Kiserikali hajafa."

Minko aliogopa, na si kidogo. Miezi minane aliiona ikisimama mbele yake kama watu kwenye foleni. Lakini makofi yale ndiyo yaliyomuuma. Kwa wiki tatu za rangi na koleo hakuna aliyesema hata ahsante, na sasa walikuwa wakiushangilia ugonjwa. Akanyoosha mkono, akachomoa waya wa kwanza. Taa mbili zikazimika.

"Huyu anafanya nini?" aliuliza mkurugenzi.

Wa pili. Wa tatu. Mpiga picha alishusha kamera yake. Meya alicheka kicheko cha kuomba radhi, huku kucha zake zikiwa zimezama mkononi mwa Minko, naye alichomoa kwa mkono mwingine. Mpaka wa kumi na saba wazimu ulikuwa bado pale pale, kwani mzunguko mmoja unatosha kuua mji. Alipotoa wa kumi na nane, swichi ilitulia. Taa kumi na moja zilibaki, zikikonyeza moja moja, taratibu, kama inavyotakiwa.

Kutoka chini ikapanda sauti ya Genka: "Imerudi! Msiguse kitu, imerudi!"

"Dah," alisema mkurugenzi kwa masikitiko, "ameiharibu. Ilikuwa nzuri sana."

"Ni mzee, amechoka," alisema Meya, na akawaongoza wageni wote kwenye mwanakondoo wa kuchoma. Padri hakwenda. Saa sita na dakika kumi Dinko alifariki rasmi, na Bibi Kera akaondoka na karatasi yake kifuani, padri akimshika mkono.

Minko alibaki akikunja zile nyaya fupi na kuzirudisha kwenye boksi. Haikupita saa nzima Genka akaingia, karatasi mkononi, macho sakafuni.

"Meya ameituma barua hii kwa simu, akiwa mezani na wageni," alisema. "Kuharibu mali ya mradi mbele ya wafadhili. Umeachishwa kazi, kuanzia leo. Mzee Minko, mimi sikutaka kuichapa."

Minko alisoma mara mbili, polepole, midomo ikitembea. Asante ya punda ni mateke, hilo alilijua tangu utoto, ila hakuna anayezoea teke. Akakaa juu ya boksi.

"Ilichukua muda gani kufika?" aliuliza mwishowe.

"Nini, barua?"

"Barua."

"Papo hapo." Genka alianza kulia. "Faili zito, na picha ndani, lakini papo hapo. Sijawahi kuona mtandao wenye kasi namna hii."

Minko alitikisa kichwa kwa kuridhika. Zilikuwa sifa za kwanza kupewa kwa ile kazi, na zilimfika.